KELELE SI NGUVU
Namna ya kufunga bomba jipya la moshi kwenye pikipiki ya mbio ya Italia, na kupima karbirateri kisha



Usiku mumoja katika internati, mwanafunzi wa mekanike alileta picha ya pikipiki ya rangi ya feza na buluu. Ilikuwa Ducati 900 Super Sport, iliyotengenezwa Bologna, katika inchi ya Italia, tangu mwaka 1975. Mabomba yake mawili ya moshi yalikuwa marefu, meusi, tena wazi karibu kabisa. Mabishano yakaanza palepale. Wengine walisema: «Ile mabomba iko wazi, njo maana inakimbia. Kelele njo nguvu!» Wengine wakajibu: «Hapana. Motere inataka kuzuiwa pumzi kidogo. Ukiacha wazi, nguvu inapotea.» Taa zilizimwa saa tatu na hakuna aliyeshinda.

Kesho yake mwalimu wetu wa fizike alicheka. Alisema pande zote mbili zilikosa, na kila upande ulikuwa na kipande kidogo cha kweli. Akaniomba niandike habari hii. Nilikubali upesi, kwa sababu juu ya neno hili mimi nililipa minervali mara mbili. Nitaeleza mbele kidogo.

Neno moja la lugha kwanza. Sisi wengi tunasema «moto» kwa chombo cha magurudumu mawili. Lakini hapa nitataja sana moto wa kuchoma. Kusudi tusichanganye, nitaandika «pikipiki».

1. HABARI YA YAYA YANGU

Yaya alikuwa na pikipiki ndogo ya kazi, ya motere ya mapigo mawili. Alibeba makala toka muji wa juu mupaka sokoni, na ile kazi njo ilitulisha. Siku moja rafiki zake walimuambia: «Kata ndani ya lile bomba, toa vyuma vyote, utaona namna itapanda mulima.» Alikata. Pikipiki ikalia sawa simba, watoto wakamukimbilia njiani, naye akafurahi siku mbili.

Siku ya tatu alibeba magunia mawili, na kilima alichokuwa anapanda kila siku kikamushinda. Esanse ikaisha mbele ya kufika. Muzee mumoja jirani akasema: «Mutoto wangu, umenunua kelele, umeuza nguvu.» Kipande kilichokatwa hakikuweza kurudishwa. Bomba lingine likanunuliwa kwa franga za minervali yangu, nami nilichelewa kurudi masomoni majuma mawili. Nyuma yake tukatafuta franga zingine kwa shule.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Katika motere ya mapigo mawili, umbo la bomba ni sehemu ya motere yenyewe. Wimbi linalorudi toka ndani ya bomba linasukuma tena ndani ya silinda ile hewa na esanse iliyotaka kukimbia. Ukikata bomba, esanse mupya inatoka nje pamoja na moshi. Yaya alikuwa anamwaga esanse yake njiani bila kujua.

Ile Ducati ni ya mapigo ine, haifanani kabisa na ya yaya. Lakini sheria kubwa ni moja: bomba la moshi si tiyo la kutupa uchafu tu.

2. PIKIPIKI YENYEWE

900 SS iko na silinda mbili zilizopangwa kwa pembe ya digri 90, moja karibu kulala mbele, ingine imesimama. Upana wa silinda ni milimetre 86, na mwendo wa pistoni ni milimetre 74,4. Wanafunzi wa matematike wanaweza kupiga hesabu: wataona santimetre kibu 864 kwa silinda zote mbili. Jina linasema 900, lakini hesabu inasema 864. Wauzaji wanapenda namba ya mviringo.

Aliyeichora ni enjenyere Fabio Taglioni, aliyeingia katika kiwanda kile mwaka 1954. Katika motere nyingi supape inafungwa na resoro. Taglioni aliweka kame moja ya kufungua supape na kame ingine ya kuifunga, kusudi supape isichelewe hata motere ikizunguka sana. Hii inaitwa desmodromike.

Sifa ya pikipiki hizi ilitoka katika mashindano. Tarehe 23 Aprili 1972, huko Imola, Muingereza Paul Smart alishinda mbio ya maili 200 juu ya Ducati ya 750, na mwenzake Bruno Spaggiari akawa wa pili. Kisha mwaka 1978 Mike Hailwood, aliyeacha mbio za kisiwa cha Man tangu 1967, alirudi pale na Ducati ya 900 na kushinda katika kundi la Formula 1. Alikuwa na miaka 38. Watu mingi walilia siku ile.

Sasa angalieni neno hili. Kiwanda kiliuza 900 SS kwa namna mbili. Kwa sababu ya sheria za kelele, pikipiki zingine zilitoka na karbirateri Dell'Orto za milimetre 32 na silensie za Lafranconi, zilizo tulivu. Aliyetaka mbio alipata karbirateri za milimetre 40 na silensie za Conti, zilizo wazi. Karbirateri na silensie zilikwenda pamoja. Kiwanda kilijua kwamba ukibadilisha mulango wa kutokea, sharti uangalie pia mulango wa kuingilia. Habari yetu yote imo ndani ya neno hilo.

3. BOMBA LINAFANYA KAZI GANI?

Wakati supape ya kutolea moshi inafunguka, hewa ya moto ndani ya silinda ingali na nguvu kubwa. Inatoka kwa ghafula, na pigo lake linakimbia ndani ya tiyo sawa vile sauti inavyokimbia. Katika hewa yetu ya kawaida sauti inakwenda karibu metre 340 kwa segonde. Katika moshi wa moto inazidi, tuseme metre 500.

Pigo lile likifika mahali tiyo inapanuka au inapoishia, kuna jambo la ajabu: wimbi linarudi nyuma, lakini limegeuka. Lilikwenda likisukuma, linarudi likivuta. Likifika kwenye supape wakati supape ya moshi haijafungwa bado na supape ya kuingiza imeanza kufunguka, linavuta moshi uliobaki na kukaribisha hewa mupya. Silinda inajaa vizuri, na nguvu inaongezeka. Likifika wakati mubaya, halisaidii, na pengine linaharibu.

Tupige hesabu ya mufano. Tiyo ni metre 1. Wimbi linakwenda na kurudi, metre 2. Kwa mbio ya metre 500 kwa segonde, inaomba segonde 0,004. Motere ikizunguka mara 7000 kwa dakika, muzunguko mumoja unachukua segonde 0,0086 hivi. Basi wimbi linarudi nyuma ya karibu nusu ya muzunguko. Lakini motere ikizunguka mara 3500 tu, wimbi lilelile linarudi nyuma ya karibu robo ya muzunguko. Tiyo haikubadilika, wimbi halikubadilika, lakini saa ya kufika imebadilika.

Njo maana hakuna bomba lililo zuri kwa mbio zote. Mwenye kutengeneza anachagua: nguvu nyingi juu, au nguvu ya kutosha chini na katikati. Bomba la mashindano linaweza kufanya pikipiki iwe zaifu mahali unapoitumia kila siku.

Sasa tunaweza kuhukumu mabishano ya internati. Waliosema «motere inataka kuzuiwa» walikosa. Hakuna motere inayopenda kusukuma moshi wake kwa shida. Walichoona kweli ni kwamba bomba wazi linaweza kupoteza nguvu chini. Hiyo inatokea kwa sababu mawimbi yamekosa saa yake, na zaidi kwa sababu hewa na esanse hazilingane tena. Na waliosema «kelele njo nguvu» walikosa vilevile. Kelele ni nguvu iliyokwisha kutoka. Haiwezi kuzungusha gurudumu tena.

4. MBELE YA KUFUNGUA HATA EKRU MOJA

Fundi mubaya anaanza na jambo la kupendeza macho. Fundi muzuri anaanza na kuangalia kama motere iko na afya. Bomba jipya haliponyeshe motere mugonjwa. Angalia haya kwanza:

a) Nafasi za supape. Kwa Ducati hii ni kazi mara mbili, kwa sababu kuna nafasi ya kufungua na nafasi ya kufunga.
b) Saa ya cheche ya bujii. Cheche ikichelewa, moto unaendelea kuwaka ndani ya bomba na kulichoma.
c) Mipira inayounganisha karbirateri na motere. Ikiwa imepasuka, hewa inaingia kwa wizi, na hutafaulu kupima kitu.
d) Kipimo cha esanse ndani ya bakuli ya karbirateri.
e) Andika namba zote za jikleri zilizomo na mahali sindano ilipofungwa. Andika katika kaye, si katika kichwa. Ukipotea njia, utapata namna ya kurudi.

5. KUFUNGA BOMBA

Motere iwe baridi. Kwenye Ducati hizi za zamani, tiyo imeshikwa kwenye kichwa cha silinda na ekru kubwa ya muviringo iliyo na mapezi, na inafunguliwa na ufunguo wake wa pekee. Usiipige na nyundo na turnevisi. Ile ekru inazunguka ndani ya aluminiumu ya kichwa, na aluminiumu ni laini. Ukiharibu meno yake, umegusa kichwa cha motere chenyewe, na bei yake inapita bei ya bomba mara nyingi. Mwaga mafuta ya kulainisha kutu, ngoja usiku mumoja, kisha jaribu polepole. Kwenye Ducati zilizokuja nyuma, tiyo inashikwa na bulo mbili na ekru ndogo. Zile nazo zinakatika upesi kama mutu ana haraka.

Kisha fuata mupango huu:

Kwanza, safisha mahali tiyo inapoingia, weka pete mupya ya kuziba. Pete ya zamani imekwisha kufinywa, haitaziba vizuri mara ya pili.

Pili, paka grese ya shaba kwenye meno ya ekru, kusudi ifunguke siku ingine.

Tatu, weka vyote vikilegea: tiyo, kolie, silensie, kishikio cha nyuma. Usikaze kitu. Angalia kama kila tundu linakutana na bulo yake bila kuvutwa. Kama inaomba kuvutwa na mukono kwa nguvu, kuna kosa. Ukikaza hivyo, motere ikitetemeka, kishikio kitapasuka. Pengine si leo, pengine nyuma ya kilometre 500.

Ine, kaza kuanzia kichwa cha motere ukienda nyuma. Kichwa kwanza, kolie za katikati kisha, kishikio cha nyuma mwisho. Ukianza nyuma, tiyo haitakaa sawa mbele, na moshi utatoka pale.

Tano, kaa juu ya pikipiki, mwenzako asukume nyuma mupaka resoro zishuke. Bomba lisiguse mupira, wala mukono wa gurudumu la nyuma, wala pedale ya freni.

Sita, futa kila alama ya vidole na alkole mbele ya kuwasha. Mafuta ya vidole yakiungua juu ya kromu hayatoki tena.

Saba, washa, acha ipate moto, zima, ngoja ipoe, kisha kaza tena. Chuma kilipanuka na kurudi, ekru itakubali tena kidogo.

Kama kuna nafasi ndogo ya kutoa moshi karibu na kichwa, usifikiri ni kitu kidogo. Pigo likipita, wimbi la kuvuta linaingiza hewa ya nje kwa nafasi ileile. Utasikia «pa! pa!» ukifunga gazi, utazani esanse imepunguka, utaongeza jikleri bure.

6. HATARI ISIYO NA HARUFU

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu neno hili linaua. Moshi wa motere uko na gazi inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, nayo inashika damu kuliko hewa tunayovuta. Mutu anaumwa kichwa, anaregea, analala, haamuki. Usiwashe pikipiki ndani ya nyumba au garaje iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kupima ralanti, hata kama mulango mumoja umefunguliwa kidogo. Kazi yote ya kupima ifanywe nje.

7. HEWA NA ESANSE

Kwa uzito, gramu 1 ya esanse inaomba karibu gramu 14,7 za hewa kusudi iungue yote. Kwa kupata nguvu kubwa, motere inapenda esanse kidogo zaidi, tuseme gramu 1 kwa 12,5 au 13 za hewa.

Sasa umefunga bomba lililo wazi, na pengine umetoa filtri ya hewa pia. Hewa nyingi zaidi inapita, lakini kitundu cha esanse ni kilekile. Chakula kimekuwa maskini. Motere maskini inapata moto kupita kiasi. Inasitasita ukitia gazi, inapiga «pa! pa!» ukifunga, na ukiikimbiza sana muda murefu, moto unatoboa kichwa cha pistoni. Kumbuka: inaweza kukimbia vizuri kabisa dakika ile ya mwisho mbele ya kuvunjika. Njo maana watu wanadanganyika.

Motere tajiri kupita kiasi haivunjiki upesi, lakini inatoa moshi mweusi, bujii inakuwa nyeusi kama sufuria, esanse inaisha, na mafuta ya motere yanaoshwa toka silinda.

Basi kama unakosa, kosa kwa upande wa utajiri kwanza, kisha shuka polepole.

8. KUPIMA KARBIRATERI

Karbirateri si kitundu kimoja. Ni kama jiko lililo na wapishi ine, kila mumoja na saa yake:

– Gazi ikifungwa au ikifunguliwa kidogo sana: jikleri ya ralanti na visi yake.
– Kufika robo: mukato wa chini wa kile kifuniko kinachopanda na kushuka.
– Toka robo mupaka robo tatu: sindano na kitundu chake.
– Toka robo tatu mupaka mwisho: jikleri kubwa.

Karbirateri hizi za Dell'Orto ziko pia na pompe ndogo inayotupa esanse ukifungua gazi kwa ghafula.

Kwa hiyo, mutu akikuambia «pikipiki yangu inakosa nguvu, niongeze jikleri kubwa?» umuulize kwanza: «Gazi iko wapi wakati inakosa?» Kata kipande cha karatasi ya gundi, ubandike kwenye mukono wa gazi, uandike 0, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Ni kitu cha bure, lakini kinashinda maneno mingi.

Namba ya jikleri ya Dell'Orto ni upana wa kitundu kwa sehemu za mia za milimetre. Jikleri 130 ni milimetre 1,30. Ukitia 135, utasema ni tofauti ndogo. Lakini esanse inapita kwa ukubwa wa kitundu, siyo kwa upana wake tu. Piga hesabu ya muviringo: ukubwa umeongezeka karibu sehemu 8 kwa 100. Usiruke toka 130 mupaka 150 kama mutu anayeruka mutoni usiku.

Mupango wa kazi ni huu:

Anza na jikleri kubwa. Tafuta barabara iliyo salama, isiyo na watoto wala mbuzi. Motere ikiwa ya moto, fungua gazi yote katika vitesi vya kati. Ikilia nzito na kusita kama mutu aliyeshiba mno, ni tajiri. Ikivuta vizuri ukirudisha gazi kidogo nyuma, ni maskini. Kuangalia bujii, weka bujii mupya, kimbiza na gazi yote, kata cheche na kamata ambrayaje wakati uleule, simama, toa bujii. Wazee wa kazi wanatafuta rangi ya kahawa na maziwa. Lakini rangi ile ilitoka zaidi katika siku za esanse yenye risasi. Esanse ya leo haina risasi, na rangi inakuwa nyepesi zaidi. Usiogope upesi ukiona haifanani na picha ya kitabu cha zamani.

Kisha sindano. Ikikosa nusu ya gazi, pandisha sindano tundu moja kama ni maskini, shusha kama ni tajiri.

Kisha ralanti. Zungusha visi polepole mupaka motere izunguke vizuri kabisa, kisha rudisha hesabu ya ralanti mahali pake.

Mwisho, silinda mbili zikubaliane. Kila silinda iko na karbirateri yake, na kila karbirateri na kamba yake. Moja ikifunguka mbele ya ingine, ni kama watu wawili wanaobeba mbao na mumoja anaanza kutembea pekee yake. Weka kidole chini ya vifuniko vyote viwili, mwenzako avute gazi polepole, usikie kama vinapanda pamoja. Fundi aliye na mita za kupima mvuto atafanya vizuri zaidi.

Sheria moja juu ya zote: badilisha kitu kimoja tu, jaribu, andika. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na pikipiki ikapona, hutajua dawa gani iliponyesha.

Neno kwa sisi tunaokaa juu: hewa ya mulima ni nyepesi. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na uzito wa hewa pale umepunguka karibu sehemu 15 kwa 100. Bologna iko chini. Pikipiki iliyopimwa kule ikiletwa juu namna ile itakuwa tajiri, na itaomba jikleri ndogo zaidi. Ikishuka tena bondeni na jikleri za mulima, itakuwa maskini, na pistoni iko katika hatari. Kopi ya namba za mutu mwingine si jibu, ni mahali pa kuanzia.

9. PIKIPIKI ZA LEO

Mwaka 1988 Ducati iliuza 851, ambamo karbirateri ilikwisha kutoka na ordinatere ya Weber-Marelli ikashika kazi ya kupima esanse. Mwaka 1994 ikaja 916 ya Massimo Tamburini, mabomba yake mawili yakipita chini ya kiti. Watu mingi waliifungia silensie za Termignoni. Pale hakuna jikleri ya kubadilisha. Fundi alibadilisha kipande kidogo cha elektronike kilichoandikwa hesabu zote za esanse. Pikipiki za sasa ziko na kipimo cha oksijeni ndani ya bomba, tena chombo cha kusafisha moshi, na kuwekea bomba lingine kunaomba kuandika upya hesabu za ordinatere. Chombo kimebadilika, lakini ulizo ni lilelile la 1975: hewa imeongezeka, nani atapika esanse yake?

Tena katika inchi za Ulaya sheria inakataza kutoa vizuizi vya kelele kwa pikipiki ya barabarani. Hii si wivu wa serikali. Kelele ya desibeli 85, mutu akikaa ndani yake saa nane kila siku, inaanza kuharibu masikio, na kila desibeli 10 zaidi ni nguvu ya sauti mara kumi. Sikio halina jikleri ya kubadilisha.

10. KWA KUMALIZA

Mutu aliyefanya kazi hii yote kwa akili anapata nini? Kusema kweli, nguvu za farasi chache tu, uzito uliopunguka kidogo, na sauti nzuri. Mutu aliyeifanya bila akili anapata pistoni iliyotobolewa. Kati ya wawili hao, bomba lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa kaye, kalamu na subira.

Yaya yangu sasa anasikiliza mbele ya kukata. Juzi kijana alimuomba amukatie silensie, naye akamujibu: «Mudogo, leta kwanza karatasi, tuandike pikipiki yako inakosa nini. Kama haikose kitu, nenda nyumbani.» Nilifurahi kusikia hivyo. Niliona minervali yangu haikupotea yote.

Na rafiki zangu wa internati wameona kwamba hakuna aliyeshinda. Picha ingali ukutani.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Motere inazunguka mara 6000 kwa dakika. Muzunguko mumoja unachukua segonde ngapi?
2. Tiyo ni metre 0,75. Wimbi linakimbia metre 500 kwa segonde. Linakwenda na kurudi kwa segonde ngapi? Ni sehemu gani ya muzunguko wa ulizo la kwanza?
3. Ukubwa wa kitundu unaongezeka kwa sehemu ngapi kwa 100 toka jikleri 120 kufika 125?
4. Pikipiki inakosa nguvu paka wakati gazi iko nusu. Utagusa nini kwanza, na kwa nini?

Aliyepata majibu ayalete kwa wenye kutunga karatasi hii. Na aliye na ulizo lingine la mekanike aliandike, alikunje, alitie ndani ya sanduku karibu na mulango wa biblioteke. Tutajaribu kujibu.